Setilaiti ipi kwa nyasi za Kitulo: MODIS, Landsat, Sentinel-2 au Sentinel-1?

Tambarare ya Kitulo, kati ya safu za Kipengere, Uporoto na Livingstone kusini mwa Tanzania, hubadilika rangi mara mbili kwa mwaka. Mvua zikianza, kwa kawaida Novemba, majani huchipua, na kuanzia Desemba hadi Aprili maua hutanda kiasi cha wenyeji kuiita Bustani ya Mungu. Mvua zikikatika Mei inaingia baridi yenye sakitu, nyasi zinageuka hudhurungi, na baada ya hapo moto. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa 2005, ina takriban kilometa za mraba 413, sehemu kubwa ikiwa kwenye mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Mtorwi kinafika mita 2,961. Hakuna kikosi cha askari wa hifadhi kitakachoizunguka yote kila wiki mbili kuandika majani yamefikia wapi, na mfugaji wa Matamba au mtafiti wa chuo hana hata hicho kikosi. Ndipo watu wanapogeukia picha za setilaiti, na ndipo wanapokwama.

Zote nne zinazolinganishwa hapa ni za bure. Zote zina wafuasi watakaokuapia kwamba yao inatosha. Lakini Kitulo ina ugumu mmoja unaotawala mengine yote: mawingu na majani huja pamoja. Miezi ambayo nyasi zinabadilika haraka ndiyo miezi ambayo anga limefunga. Kuanzia Juni hadi Septemba utapata picha safi mpaka uchoke, ila wakati huo kinachoendelea ni kukauka na kuungua tu. Watu huuliza kwanza picha ipi ni kali zaidi. Afadhali uanze kwa kuandika kwenye karatasi ni sehemu gani ya msimu unayoitafuta: kuchipua, kilele, kunyauka au moto. Jibu hilo peke yake litakuondolea nusu ya machaguo.

## Vigezo

Ukubwa wa pikseli (mraba mmoja wa picha) dhidi ya kiraka chako. Nyasi za Kitulo si zulia moja. Kuna mabonde yenye unyevu mwaka mzima, vilima vinavyokauka mapema, na mipakani kuna mashamba ya viazi mviringo na misonobari. Kiraka kidogo kabisa unachotaka kukitofautisha kinapaswa kubeba angalau pikseli tatu kwa tatu. Pikseli za ukingoni huchanganyika na jirani, na picha nazo husogea kidogo kutoka tarehe moja hadi nyingine.

Marudio yaliyo safi, na saa ya kupita. Ratiba itakuambia setilaiti itapita mara ngapi. Haikuambii utaona ardhi mara ngapi. Mlimani wingu hukua kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo inayopita asubuhi ina nafasi nzuri kuliko inayopita mchana.

Urefu wa kumbukumbu. Huwezi kusema mwaka huu nyasi zimechelewa bila kujua kawaida yake ni ipi, na misimu mitatu haitoshi kuitwa kawaida.

Mlima wenyewe. Kitulo iko nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Desemba jua la adhuhuri liko upande wa kusini, Juni liko kaskazini. Mteremko unaotazama kusini huwa gizani zaidi Juni, na ule wa kaskazini Desemba. Asiyejua hili ataona "mabadiliko ya msimu" ambayo ni kivuli tu.

Kazi na bando. Kuanzia faili dogo la jedwali hadi gigabaiti kadhaa.

Kwa tatu za kwanza kipimo cha msingi ni NDVI, fahirisi ya ukijani wa mimea: chukua uakisi wa infraredi ya karibu (mwanga usioonekana kwa macho), toa uakisi wa mwanga mwekundu, gawanya kwa jumla ya hizo mbili. Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha infraredi, hivyo thamani hupanda. Nyasi kavu huishusha. Kwa kuwa NDVI ni uwiano, sehemu kubwa ya athari ya kivuli cha mteremko hujifuta yenyewe. EVI, fahirisi nyingine ya ukijani, ambayo wengi huisifu kwa kutogota mapema kwenye majani mengi, haina bahati hiyo, kwa sababu kanuni yake ina namba isiyobadilika kwenye kigawanyo. Kwenye miteremko mikali ya ukingo wa Kitulo, EVI bila kusahihisha mwanga wa mlima ni hatari. Katikati ya tambarare haina shida.

| | MODIS | Landsat | Sentinel-2 | Sentinel-1 |
|---|---|---|---|---|
| Pikseli | m 250 | m 30 | m 10 na 20 | m 10 (kwa vitendo m 20) |
| Marudio | siku 1 hadi 2 | siku 8 kwa mbili | siku 5 kwa mbili | siku 12 kwa moja |
| Tangu | 2000 | 1984 | 2015 | 2014 |
| Huona kupitia wingu | hapana | hapana | hapana | ndiyo |

## MODIS

Inachoona. MODIS ni kifaa kilicho kwenye setilaiti za Terra na Aqua. Bidhaa ya kutumia ni MOD13Q1 kutoka Terra: NDVI na EVI zilizokwisha kukokotolewa. Pikseli inaitwa ya mita 250 lakini kwa kweli ni mita 232 hivi, yaani hekta 5.4. Hifadhi nzima inaingia katika pikseli 7,700 hivi. Hiyo inatosha kusema tambarare imeamka lini, lakini haitoshi kusema bonde lipi limetangulia. Ukingoni ndipo inapodanganya. Tuseme nusu ya pikseli ni misonobari yenye NDVI ya 0.75 mwaka mzima, na nusu ni nyasi zinazopanda kutoka 0.35 hadi 0.70. Mchanganyiko utakwenda kutoka takriban 0.55 hadi 0.72, na msimu uliokuwa mkubwa utaonekana kama mtikisiko. Ondoa pikseli zote zilizo ndani ya mita 250 kutoka mpaka wenye miti au mashamba kabla ya kuchukua wastani wowote.

Mawingu na marudio. Hapa ndipo inapowashinda wenzake wanaotegemea mwanga. Terra hupita karibu kila siku, na MOD13Q1 huchagua siku moja bora ndani ya kila siku 16, hivyo unapata ramani 23 kwa mwaka. Siku kumi na sita ni nafasi nyingi za kuotea tundu kwenye wingu, hata Januari. Ukiongeza MYD13Q1 ya setilaiti ya Aqua, iliyopangwa kupishana kwa siku 8, unapata ramani kila siku 8, ingawa Aqua hupita mchana, mawingu yakiwa yameshapanda.

Kuna mtego mmoja ambao huharibu kazi nyingi. Tarehe iliyo kwenye jina la faili ni siku ya kwanza ya kipindi, si siku ambayo pikseli yako ilionwa. Ramani mbili zinazofuatana zinaweza kubeba pikseli zilizopishana siku 1 au siku 31. Anayetafuta tarehe ya kuchipua kwa kutumia tarehe ya jina la faili anaweza kukosea kwa wiki mbili bila kujua. Tumia bendi (tabaka la data) ya DayOfYear, yaani siku halisi ya picha, ambayo imo kwenye bidhaa hiyohiyo. Tumia pia SummaryQA, alama ya ubora: 0 ni nzuri, 1 ni ya mashaka, 2 ni theluji au barafu, 3 ni wingu. Masika ukibakiza 0 pekee utabaki na mashimo; bakiza 0 na 1, lakini zipe 1 uzito mdogo wakati wa kulainisha.

Kumbukumbu. Tangu Februari 2000, kipimo kilekile, bila kubadilisha kifaa. Kwa kupata kawaida ya muda mrefu ni vigumu kuishinda. Ila Terra imezeeka na haishikilii tena saa yake ya awali ya kupita; inaisogeza mapema kidogo kidogo. Mrithi ni kifaa cha VIIRS, bidhaa VNP13A1, ya tangu 2012, lakini pikseli yake ni mita 500 na hupita saa 7:30 mchana kwa saa ya jua, ambayo kwa saa ya kawaida ya Makete, wilaya ya Kitulo, ni karibu saa nane na robo. Anayeanzisha ufuatiliaji wa kudumu leo aendeshe zote mbili sambamba.

Mlimani. Pikseli moja humeza mteremko wa pande zote mbili, hivyo athari ya mwanga hupungua, na ukweli wa kila upande hupotea nao.

Kazi na gharama. Nyepesi kuliko zote. Kwenye AppEEARS ya NASA unafungua akaunti ya bure, unaweka majiranukta (latitudo na longitudo) ya nukta zako, unachagua MOD13Q1 toleo 061, na unatumiwa jedwali la CSV la kilobaiti chache pamoja na alama za ubora. Ukishusha ramani zenyewe, zidisha thamani kwa 0.0001.

Inamfaa anayeuliza kuhusu tambarare nzima na miaka mingi: mwikolojia anayetafuta kama msimu umesogea, au ofisi inayotaka grafu moja ya kila mwezi inayoeleweka na wote.

## Landsat

Inachoona. Mita 30, hekta 0.09 kwa pikseli. Bonde la unyevu linajitenga na kilima, na shamba la viazi linajitenga na nyasi. Kwa Landsat 8 na 9 NDVI hutumia bendi ya 5 (infraredi) na ya 4 (mwekundu). Kwa Landsat 5 na 7 ni ya 4 na ya 3. Kuchanganya namba hizi ni kosa la kila siku, na grafu yake huonekana ya kweli kabisa.

Mawingu na marudio. Landsat 8 na 9 kila moja hurudi baada ya siku 16, mbili kwa pamoja siku 8. Kwa kiangazi inatosha. Kuanzia Desemba hadi Machi usiitegemee peke yake: kupita mara nne kwa mwezi, ukikosa mara tatu kwa mawingu, kunakuachia nukta moja, na nukta moja haichori kupanda na kushuka kwa msimu. Tumia bendi ya QA_PIXEL kuondoa wingu (biti 3), kivuli chake (biti 4), wingu jembamba la juu (biti 2) na ukingo wa wingu (biti 1). Huo ukingo wengi huuacha, na ndio unaoshusha NDVI kidogokidogo bila kelele.

Kumbukumbu. Kwa maswali ya miongo haina mpinzani: Landsat 5 ilirushwa 1984, miaka 21 kabla ya hifadhi kuanzishwa. Lakini usidhani miaka yote imejaa. Afrika Mashariki ina mapengo makubwa ya miaka ya 1980 na 1990, kwa kuwa Landsat 5 ilitegemea vituo vya ardhini kupokea picha. Landsat 7 nayo iliharibikiwa na kifaa cha kunyoosha mistari tarehe 31 Mei 2003. Tangu hapo kila picha yake ina michirizi mitupu, takriban asilimia 22 ya eneo. Kwa msimu wa mwaka mmoja wa zamani utaambulia mara chache. Kwa kulinganisha Julai ya mwaka fulani na Julai ya mwaka mwingine ni hazina.

Mlimani. Pikseli ya mita 30 inaonyesha miteremko waziwazi, kwa hiyo kivuli cha Juni kitakusumbua. Sahihisha kwa ramani ya mwinuko ya SRTM ya mita 30, au gawanya eneo lako kwa mwelekeo wa mteremko na ulinganishe kaskazini kwa kaskazini, kusini kwa kusini. Njia hii ya pili ni rahisi na haitoi makosa mapya.

Kazi na gharama. Shusha bidhaa ya uakisi wa ardhini, Collection 2 Level 2. Thamani zake zinahitaji kuzidishwa kwa 0.0000275 kisha kutolewa 0.2. Hili si pambo. Nyasi zenye uakisi wa 0.04 kwenye mwekundu na 0.30 kwenye infraredi zina NDVI ya 0.76, ukikokotoa kwa namba ghafi utapata 0.35, na ripoti yako itasema masika yamekuwa kiangazi. Jambo la pili: kifaa cha Landsat 8 na 9 hutoa NDVI iliyo juu kidogo kuliko cha Landsat 7. Ukiunganisha miaka bila kuvisawazisha, "kijani kimeongezeka tangu 2013" litakuwa tokeo la kubadilisha kifaa.

Inamfaa anayeuliza historia ya kiraka mahususi: nyasi zilizowahi kulimwa, misonobari inayosogea, malisho yaliyochoka.

## Sentinel-2

Inachoona. Mita 10 kwa bendi za rangi na infraredi (B2, B3, B4, B8), mita 20 kwa nyingine muhimu. Hifadhi ya Kitulo inakuwa na pikseli zaidi ya milioni 4. Njia za ng'ombe, kingo za vijito na mipaka ya moto vinaonekana. Faida ambayo watu huisahau ni bendi zilizo kati ya mwekundu na infraredi. Nyasi zikishiba, NDVI hugota kwenye 0.8 hivi na haipandi tena hata majani yakiongezeka. Fahirisi ya B8A na B5, kwa kanuni ileile ya kutoa na kugawanya, huendelea kupanda. Kama unalinganisha Februari na Machi, hiyo ndiyo ya kutazama.

Haya yote yasikupe matumaini ya kuhesabu okidi. Kitulo ina aina 45 za okidi za ardhini, na hakuna hata moja itakayojaza pikseli ya mita 10.

Mawingu na marudio. Siku 5 zikiwa mbili, na hupita saa 4:30 kwa saa ya jua, karibu saa tano na robo asubuhi Makete. Hata hivyo masika wiki tatu au nne zinaweza kupita bila picha safi ya mahali unapopahitaji. Na wengi hujiongezea njaa wenyewe kwa kuchuja picha zenye wingu chini ya asilimia 20. Asilimia hiyo ni ya kigae kizima cha upana wa kilometa 110, chenye nyanda za chini na milima kwa pamoja. Kigae kinaweza kuwa na wingu asilimia 70 huku Kitulo ikiwa wazi. Weka kichujio kwenye 90, kisha ondoa wingu pikseli kwa pikseli.

Kwa kuondoa wingu, ramani ya SCL inayokuja na picha, inayotaja kila pikseli ni wingu, kivuli, maji au ardhi, ina udhaifu unaoumiza hapa hasa: ardhi iliyoungua karibuni, kwa weusi wake, mara nyingi huandikwa kuwa kivuli cha wingu au hata maji. Ukifuta vivuli vyote kwa SCL, umefuta moto. Kwenye Google Earth Engine, jukwaa la kuchakata picha mtandaoni, tumia Cloud Score+ (alama za usafi wa kila pikseli), bendi ya cs_cdf, ukibakiza pikseli zenye 0.60 na zaidi. Masika, penye ukungu mwembamba usiokatika, panda hadi 0.70 au 0.75. Zaidi ya hapo itaanza kula picha nzuri.

Kumbukumbu. Picha za kwanza ni za 2015, setilaiti ya pili ilirushwa Machi 2017, na picha za uakisi wa ardhini zimekamilika vizuri kuanzia mwisho wa 2018. Kwa kawaida ya muda mrefu bado ni changa.

Mlimani. Kama Landsat, na kwa ukali zaidi. Mabonde membamba yatakuwa na kivuli asubuhi Juni na Julai. Yafunike badala ya kujaribu kuyasahihisha.

Kazi na gharama. Kigae kimoja mara nyingi hukaribia gigabaiti moja, hivyo kwa msimu mzima fanya kazi kwenye Earth Engine, ambayo ni bure kwa utafiti usio wa biashara, badala ya kushusha. Mpangilio unaofanya kazi ni huu:

1. Pakia mpaka wa hifadhi, na uchore humo viraka vya majaribio vya angalau mita 30 kwa 30 vyenye nyasi za aina moja.
2. Ita COPERNICUS/S2_SR_HARMONIZED kuanzia 2019, chuja kwa mpaka na tarehe.
3. Unganisha na Cloud Score+ na uondoe mawingu kama ilivyoelezwa.
4. Kokotoa NDVI kwa B8 na B4, na NBR, fahirisi ya kuungua, kwa B8A na B12 kwa kanuni ileile.
5. Chukua thamani ya katikati (mediani) ya kila siku 10 kiangazi, na ya kila siku 20 hadi 30 masika. Usilazimishe siku 10 Januari.
6. Tengeneza bendi ya ziada inayohesabu picha safi kwa kila pikseli. Ni mstari mmoja wa msimbo wa programu, na bila huo hujui kama rangi unayoiona imetokana na picha sita au moja.
7. Toa ramani kwa EPSG:32736 (mfumo wa majiranukta wa eneo hili) na ukubwa wa mita 10.

Neno HARMONIZED hapo juu lina sababu. Tangu 25 Januari 2022 thamani za Sentinel-2 huongezewa 1000. Mkusanyo huo huirekebisha; ukishusha moja kwa moja kutoka Copernicus, hazina ya Ulaya ya picha hizi, soma namba ya toleo kwenye jina la faili, na kuanzia N0400 toa 1000 kabla ya kugawanya kwa 10,000. Ukisahau, nyasi zile zile za 0.76 zitasoma 0.48.

Inamfaa anayesimamia ardhi sasa hivi: mhifadhi anayepanga moto wa mapema (uchomaji wa makusudi mwanzoni mwa kiangazi), msimamizi wa malisho anayetaka kujua kipande kipi kimerudi.

Kama umegawanyika kati yake na Landsat, kuna mkusanyo wa NASA unaoitwa HLS uliokwisha kuzisawazisha zote mbili kwa pikseli ya mita 30. Unapoteza ukali, unapata nafasi nyingi zaidi za kukwepa wingu, na hesabu ya kusawazisha vifaa umeshafanyiwa. Kwa grafu ya msimu wa Kitulo, mara nyingi huo ni mpango mzuri kuliko Sentinel-2 peke yake.

## Sentinel-1

Inachoona. Hii ni rada: hutuma mawimbi na kupima kinachorudi, kwa vipimo viwili, VV na VH. Haioni kijani, bali maji na umbo. Kwa nyasi fupi, udongo uliolowa hupandisha VV kuliko majani yenyewe, kwa hiyo mvua ya jana inaweza kuonekana kama nyasi za wiki tatu. Hilo ni kasoro kwa anayetafuta majani, na ni faida kwa anayetaka kujua ardhi ililowa lini.

Mawingu na marudio. Wingu halihesabiki. Sentinel-1A hurudi baada ya siku 12. Mwenzake 1B aliharibika Desemba 2021, na 1C ilirushwa Desemba 2024. Chagua njia moja na mwelekeo mmoja wa kupita, usichanganye, la sivyo pembe ya kutazama itakuchorea msimu wa uongo.

Kumbukumbu. Tangu 2014.

Mlimani. Udhaifu wake mkubwa. Miteremko inayoikabili rada hukunjamana na kung'aa, ya nyuma huwa giza tupu. Picha za Earth Engine zimewekwa mahali pake lakini mng'ao wa mteremko haujasawazishwa. Baki kwenye tambarare na mabonde mapana.

Kazi na gharama. Thamani ziko kwa desibeli. Chukua wastani wa dirisha la pikseli 5 kwa 5 au 7 kwa 7 kupunguza chengachenga.

Inamfaa kama msaidizi wa Sentinel-2: kufuatilia vinamasi, mashamba mapya yaliyolimwa mpakani, na kuthibitisha mwanzo wa mvua.

## Yanayowakwaza wote

Mwaka wa kalenda unakata msimu wa Kitulo katikati. Panga takwimu zako kuanzia Julai hadi Juni, na uite msimu "2023/24". Programu nyingi za kutafuta mwanzo wa msimu zitakupa majibu ya ajabu usipofanya hivyo. Kisha weka kizingiti: wengi hutumia siku ambayo NDVI imepanda asilimia 20 ya tofauti kati ya chini kabisa na kilele. Kizingiti chochote ni sawa mradi usikibadilishe katikati ya miaka.

Moto hutengeneza mwanzo wa uongo. Nyasi zilizoungua Agosti huchipua baada ya wiki chache, kabla ya mvua, na kompyuta itaandika kwamba msimu umewahi. Weka ramani ya moto kwanza, tenga pikseli zilizoungua, halafu soma tarehe. Bidhaa ya MODIS ya maeneo yaliyoungua, MCD64A1, ni ya mita 500 na huacha mioto midogo. NBR ya Sentinel-2 ni bora hapa.

Maua nayo. Ya njano yakitanda hurudisha mwanga mwekundu na kushusha NDVI katikati ya msimu wakati mimea iko katika afya yake bora. Kibonyeo kidogo kwenye kilele cha grafu si lazima kiwe ukame.

Na chini ardhini: chagua vituo vitano au sita, piga picha kwa simu kutoka nukta ileile, upande uleule, kila wiki mbili. Sakitu ya Juni, moto na ukame vyote huonekana hudhurungi kutoka angani. Picha ya simu hutofautisha kwa sekunde moja.

## Chagua kwa hali yako

Unataka kujua kama msimu wa Kitulo unachelewa kuliko miaka ya 2000: MODIS, na VIIRS sambamba. Usiguse mita 10.

Unapanga moto wa mapema na unahitaji kujua nyasi zimekauka wapi Mei na Juni: Sentinel-2. Anga liko wazi, na siku 5 zinatosha.

Unatafuta tarehe ya kuchipua Novemba na Desemba kwa kila bonde: hakuna moja itakayokutosheleza. Chukua HLS kwa ukali, MODIS kama uti wa mgongo wa kukagua tarehe, na Sentinel-1 kuthibitisha kwamba ardhi ililowa kweli.

Unachunguza mgogoro wa mpaka au mabadiliko ya matumizi ya ardhi tangu kabla ya 2005: Landsat, ukilinganisha mwezi mmoja tu wa kiangazi kwa kila mwaka.

Unasimamia malisho ya ng'ombe wa maziwa na unataka kugawa zamu za kulisha: Sentinel-2 yenye B8A na B5, masika kwa mediani ya siku 20, na ukubali kwamba baadhi ya wiki utaenda kutazama kwa macho.

Una simu na bando kidogo: AppEEARS, nukta nne au tano katikati ya tambarare mbali na miti, CSV mara moja kwa mwezi. Fungua kwenye programu ya jedwali, futa mistari yenye SummaryQA ya 3 (safu ya pixel_reliability kwenye AppEEARS), chora mstari kwa DayOfYear (safu ya composite_day_of_the_year), na weka misimu iliyopita nyuma yake kwa rangi hafifu.